Raba Zilizokaushwa Pamoja na Pweza

Mmeniandikia, vijana wangu, swali la maneno matatu: "Profesora, raba gani?" Mnasema kila Jumamosi mnakimbia kutoka uwanja wa mpira hadi kwenye mikoko, mnapita mchanga, mnapita tope, mnaparamia njia ya mawe ya tumbawe, kisha mnarudi nyumbani mkichechemea. Mlitaraji, na mlikuwa na haki ya kutaraji, kwamba profesora, yaani mwalimu, aliyefundisha mazoezi ya viungo katika mji huu wa Mocímboa kwa miaka ishirini na miwili, tena mwenye shahada ya jambo hilohilo, angewajibu kwa mstari mmoja. Nimekaa na swali lenu wiki tatu. Nimeandika majibu manne na yote nimeyachana, kwa sababu kila nilipofika katikati nilikutana na jozi moja ya raba inayopinga yote niliyokwisha kusema.

Si kwamba sijui lolote. Najua, kwa mfano, kwamba mguu haupimwi asubuhi. Upimeni alasiri, mtu akiwa amesimama, na baada ya kutembea kutwa, maana mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa alfajiri, na mbio za milimani huukuza zaidi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Wanafunzi walikuwa wakiniuliza, nafasi ya nini? Nafasi ya kushuka. Wakati wa kupanda hakuna kiatu kibaya; ubaya wa kiatu hujulikana kwenye mteremko, mguu unapoteleza mbele ndani yake na vidole vikawa ndivyo breki.

Najua pia kwamba sisi tuliokulia miguu peku tuna vidole vilivyotawanyika kama vya bata, na kwamba namba iliyoandikwa ndani ya kiatu hupima urefu tu. Kuhusu upana haina habari. Usimwamini muuzaji anayekuambia kitapanuka. Kitakachopanuka ni kidonda.

Na kwa kuwa karibu sote hapa twanunua raba za mitumba, zinazofika katika marobota tunayoyaita fardo, jifunzeni kuzisoma kama barua aliyoandikiwa mtu mwingine. Zigeuzeni kwanza. Soli iliyolika upande mmoja inawaambia namna mwenyewe wa kwanza alivyotembea, na kiatu hicho kitawalazimisha mtembee kama yeye. Kisha kikunjeni. Kikijikunja penye vidole, bado kizima. Kikijikunja katikati kama chapati, kimekufa. Bonyezeni sponji ya ubavuni kwa kidole: ikiwa haisukumi kidole chenu kurudi, kiacheni, hata kama kinang'aa. Mwisho mimineni maji ndani, mbele ya mwenye duka, naye atapiga kelele, mwacheni apige. Kiatu cha njia zetu hakina haja ya kuzuia maji, kwa sababu maji yataingia tu. Haja yake ni kuyatoa.

Hayo nayajua, na karibu yote sikuyapata chuoni. Nilifundishwa na mwanamke mchokoaji wa pweza aitwaye Bi Tima, ambaye hajawahi kukimbia mbio yoyote isipokuwa kuyakimbia maji yanapojaa.

Bi Tima ni mama wa Zainabo, na Zainabo alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la kumi. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo, Nampula, na kijitabu cha somo kilichosema wazi kwamba njia mbaya yataka soli yenye meno marefu. Nilikiamini kijitabu hicho kama mtu anavyoamini dira. Nikamtafutia Zainabo raba yenye meno kama ya mamba, nikampeleka kwenye njia ya mawe iliyo juu ya ufuo, bado na unyevu wa mvua ya asubuhi, nikapuliza filimbi. Hatua ya sita alianguka kitako. Hatua ya kumi na moja alianguka tena. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka mwambani, ndoo kichwani, walisimama kututazama.

"We Tima," mmoja akasema, "mwanao anacheza ngoma gani hiyo?"

"Ngoma ya serikali," Bi Tima akajibu. "Humwoni mwalimu wake kashika filimbi?"

Wakacheka hadi maji ya ndoo yakamwagika. Kisha Bi Tima akatua ndoo, akaja, akamvua bintiye kiatu kimoja bila kumwomba ruhusa yeyote, akakigeuza.

"Profesora, nani kakuuzia jembe hili?"

"Si jembe, Bi Tima. Ni raba ya milimani."

"Basi lipeleke huko milimani likalime. Tazama." Akalimwagia jiwe maji, akakandamiza soli juu yake kwa kiganja, akasukuma. Ile raba ikateleza kama sabuni. Akavua cha kwake, kiatu kikuukuu cha shule ambacho soli yake ilikuwa imelika ikawa bapa, na ncha yake ameikata kwa kisu vidole vikatokeza nje. Akakandamiza, akasukuma. Hakikusogea. "Meno hushika kitu kinachotoboka. Tope latoboka, mchanga watoboka. Jiwe hili siku ukilitoboa niite nije nione. Jiwe lashikwa na ulaini. Tia ukucha kwenye soli, Profesora. Ukucha ukiacha alama, soli hiyo ina huruma na mtu."

"Na hii ncha umeikata kwa nini?"

"Maji yatoke. Na vidole vione vinakokwenda."

Jioni ile nikaandika katika daftari: meno kwa tope, ulaini kwa jiwe. Katika masanduku mawili ya madaftari niliyonayo, hiyo ndiyo sentensi pekee ambayo haijanisaliti. Lakini njia ya ulimwengu si tope tupu wala jiwe tupu, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba kutachaguliwa msichana mmoja, mmoja tu, kutoka wilaya yetu kuingia katika timu ya mkoa ya mbio za porini, zile tunazoziita korta-mato. Atakayechaguliwa angekwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, angepata nafasi ya bweni na kuendelea na masomo huku akikimbia. Niliwatazama wasichana wangu wote kwa haki kadiri nilivyoweza, na macho yangu yalirudi kwa Zainabo kila mara. Nikaenda kuzungumza na mama yake.

Mwambani hufanyiwa kazi maji ya bamvua, yanapokupwa sana, na siku hizo ni chache kila mwezi. Watu wawili huchungulia mashimo mengi kuliko mmoja, na Zainabo alikuwa na macho ambayo wanawake wote waliyasifu. Aliweza kumwona pweza aliyejigeuza rangi ya jiwe. Kumtoa mwambani kulikuwa kumwondolea mama yake macho. Bi Tima alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Msimu mmoja, Profesora," akasema. "Akichaguliwa, nitachokoa peke yangu. Asipochaguliwa, filimbi yako wapulizie wengine. Huyu atarudi mwambani, na habari za mbio sitaki kuzisikia tena."

"Wewe wasemaje, Zainabo?" nikamuuliza.

Zainabo alikuwa anachora mchangani kwa kidole cha mguu. "Nataka kwenda," akasema, bila kututazama. Kisha akafuta alichochora.

Siku ya mashindano ilipotajwa, ikaangukia bamvua. Bi Tima alihesabu kwa vidole, akaguna.

Mbio zilipangwa kwenye miteremko iliyo juu ya Diaca, mahali ninapopajua kwa sababu nilikwenda kupatazama kwa miguu yangu. Nawasihi mfanye hivyo daima: msichague kiatu kabla ya kuikanyaga njia. Niliikuta njia ambayo haikuandikwa katika kijitabu changu wala katika sentensi ya Bi Tima. Udongo mwekundu mkavu, mgumu kama sakafu, na juu yake changarawe zinazobiringika. Mizizi. Kisha, kwenye mteremko wa mwisho, shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, na visiki vya mabua vilivyokatwa mshazari kwa panga, vikasimama mstari kwa mstari kama misumari. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Si kitu cha kutoboka, si jiwe lenye maji. Raba gani? Ndilo swali lenu hasa, na nililiuliza kabla yenu, nikiwa peke yangu katikati ya mabua.

Niliamua kwenda kati na kati: meno mafupi, soli laini, ubavu mpana. Nilipekua fardo saba. Katika la saba nikaipata jozi ya rangi ya ndizi mbivu, isiyolika upande wowote, sponji yake ikirudisha kidole changu kwa nguvu. Nikampima Zainabo alasiri, amesimama. Nafasi ya kidole gumba ilikuwepo. Maji yaliingia, yakatoka. Kama kuna jozi niliyoichagua kwa elimu yangu yote, ya chuo na ya mwambani, ni ile.

Siku tatu kabla ya mbio tulifanya zoezi la mwisho kwenye tope la mikoko. Raba zikarudi zimejaa tope la chumvi. Nikamwambia Zainabo azioshe kwa maji baridi na azianike kivulini, penye upepo, mbali na jua na moto. Naye akamwambia mama yake maneno yangu yote, barabara.

Lakini mvua ikanyesha. Kivuli hakikuwa na upepo, na upepo haukuwa na ukavu. Bi Tima akazitazama raba za mwanawe zinavyochuruzika maji, akaingiwa na huruma. Kwetu pwani kitu kilichotoka baharini, kikikataa kukauka kwa upepo, kina mahali pake: kinapandishwa uchanjani, juu ya moshi wa makumbi ya nazi, pamoja na samaki. Nimeona nyavu zikikaushwa hapo, mikoba, hata daftari la hesabu la Zainabo lililoangukia mtumbwini. Sidhani kuna mtu wa bara ambaye angewaza jambo hilo. Bi Tima halikumtatiza hata kidogo. Akazilaza raba kati ya pweza wawili, akafunika kwa kuti, akapuliza moto. Zikakaa huko siku mbili na nusu.

Mimi sikuwa na habari. Asubuhi ya mashindano tuliondoka kwa lori la shule, na kwenye njia panda ya Awasse tukasimama kunywa chai. Hapo ndipo Zainabo alipofungua mfuko wake wa plastiki. Harufu ilitangulia.

"Zainabo," nikasema, "raba zimefanywa nini?"

"Zimekauka, Profesora."

"Zimekaukia wapi?"

Akainama. "Pamoja na pweza."

Lori zima likalipuka kwa kicheko. Dinis, mkimbiaji wetu wa upande wa wavulana, mtoto wa familia ya huko juu Diaca, akashika tumbo. "Wapwani ninyi! Profesora, mchemsheni huyo pweza tupate mchuzi kabla ya mbio!"

Sikucheka. Nilibonyeza sponji, ilikuwa ngumu kama kifuu, na kidole changu hakikurudishwa. Moto ulikuwa umezisinyaza pia. Zainabo alipojaribu kuvaa, mguu uliingia nusu, ukakwama. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona hofu usoni mwake. Msimu wake wote ulikuwa ndani ya kile kiatu kisichovalika, na saa mbili tu mbele yetu.

Vijana wangu, mtu akiwa mwalimu huzoea kutazamwa namna ile, kana kwamba jibu limo mfukoni mwake. Mfukoni mwangu mlikuwa na filimbi. Akimbie peku? Visiki vingemtoboa. Aazime raba za mwenzake? Miguu yake mipana ilizishinda zote, tulijaribu tatu. Ndipo nilipokumbuka kiatu cha mama yake. Nikamwomba mama muuza chai kisu cha kumenyea mihogo, nikaketi juu ya jiwe, nikaikata ncha ya kila raba, raba nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Zainabo akavaa, na vidole vyake vikatokeza nje.

"Zinabana kisigino," akasema.

"Zinauma?"

Akafikiri. "Zinashika."

Nilisimama chini ya mteremko wa mwisho, pembeni mwa shamba la mahindi. Walipotokea juu, Zainabo alikuwa wa tano, na mbele kabisa walikuwako wasichana wawili wa uwanda wa juu wanaoijua milima kama sisi tunavyoujua mwamba. Nikasema moyoni, basi. Kisha wakaanza kushuka. Wenzake wote walipunguza mwendo, wakikanyaga kwa kuchagua, wakiegemea nyuma, vidole vyao vikiwa breki ndani ya viatu. Zainabo hakuchagua. Alishuka juu ya visiki kana kwamba hakuna aliyewahi kulima pale, kichwa chini, mikono imekunjwa, akampita mmoja, akampita wa pili, wa tatu akampishia njia kwa mshangao. Yule wa mwisho walikwenda bega kwa bega hadi kwenye kamba, na kifua cha Zainabo kikagusa kwanza. Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kinatoka damu. Hakujua mpaka nilipomwonyesha.

Tulirudi jioni. Bi Tima alikuwa uani anapiga pweza kwenye jiwe kuwalainisha. Hakuinua kichwa.

"Nimepata wanne," akasema. "Wa tano nilimwona, akanikimbia. Macho yangu si ya Zainabo." Akapiga tena, mara mbili, mara tatu. "Amechaguliwa?"

"Amechaguliwa."

Kiganja chake kikatulia juu ya jiwe. "Basi mwambie aje ale," akasema. Zainabo alipokwenda Pemba aliziacha zile raba. Mama yake akazivaa mwambani mpaka soli zikaisha.

Sasa niambieni ninyi. Nini kilichoshinda siku ile? Ikiwa ni ugumu wa soli uliozuia visiki, basi kila nilichowaeleza kuhusu sponji hai na sponji mfu si kweli. Ikiwa ni ncha iliyokatwa, iliyoviacha vidole huru kwenye mteremko, mbona hakuna kiwanda kinachouza raba zilizokatwa? Ikiwa ni kule kusinyaa kulikokishika kisigino, kwa nini niwahimize kuacha nafasi? Na ikiwa ni msichana mwenyewe, angeshinda hata peku, basi kazi yangu ya kupekua fardo saba ilikuwa ya nini? Niliyaandika yote hayo katika daftari, nikachora mistari, nikayatazama miezi mingi. Na kwa kuwa nilikuwa nimesoma, na msomi akikosa jibu hufanya jaribio, nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma.

Msimu uliofuata nilichukua raba mpya za Dinis, nikazipeleka mwenyewe kwa Bi Tima.

"Nikaushie hizi," nikamwambia. "Kama zile. Siku mbili na nusu."

Akaniangalia kama anayeangalia mgonjwa. "Profesora, umeingiwa na nini? Mie nilikosea."

"Ulikosea vizuri, Bi Tima."

"Kosa haliigizwi," akasema. Lakini mimi ni mwalimu, na aliniheshimu kuliko nilivyostahili. Akazipandisha.

Nikazikata ncha kwa kipimo kilekile. Dinis akazivaa akicheka, akisema sasa amekuwa Mpwani kamili. Akakimbia mteremko uleule, visiki vilevile. Alimaliza wa tatu kutoka mwisho, akiwa amepoteza kucha mbili, na alichechemea wiki tatu. Katika ripoti ya shule niliandika kwamba njia ilikuwa na mawe. Ilikuwa na mawe kweli. Sikuandika kuhusu uchanja.

Baba yake, Mzee Kalisto, alishuka kutoka Diaca kuja kuniona. Hakupaza sauti. Alivua kofia, akaishika mkononi, akasema, "Profesora, mwanangu si pweza." Nilimwomba radhi kwa maneno yasiyo na mkia wala kichwa, naye akavaa kofia akaondoka. Dinis mwenyewe alikwisha kunisamehe. Siku hizi ni fundi seremala, na tukikutana sokoni huinua mguu mmoja hewani badala ya kunipungia mkono. Watu hudhani ni mzaha. Nami hucheka, kwa sababu ndivyo anavyotaka, lakini kila mara naziona zile kucha. Likumbukeni hili kuliko habari zote za soli: mguu mnaoujaribia si wenu.

Kisha ikaja ile miaka ya vita ambayo hakuna haja ya kuwasimulia, kwa kuwa ninyi pia mlikimbia, wengine mkiwa mgongoni mwa mama zenu. Siku tuliyouacha mji, mimi niliyewachagulia watu raba muda wote ule nilitoka na kandambili za bafuni, moja ya bluu na moja nyekundu. Nilitembea nazo siku mbili, mchanga, tope, changarawe. Hazikunitoa hata lengelenge moja. Niliporudi nikayakuta madaftari yangu yameliwa pembe na mchwa, nikaketi na kalamu ili niliandike jambo hilo la kandambili, nikashindwa kuamua liingie ukurasa gani.

Mpaka wiki iliyopita nilikuwa nimeamua kuwajibu kwamba sijui, na kuishia hapo. Ndipo Zainabo alipofika kutoka kisiwa cha Vamizi. Hakuwa bingwa wa dunia, msije mkadhani. Alikimbia katika timu ya mkoa misimu minne, akasoma, na leo ni mmoja wa walinzi wa viota vya kasa kisiwani. Huzunguka kisiwa kizima kwa miguu, mchanga upande mmoja, mawe makali ya tumbawe upande wa pili. Alikuwa amenunua jozi mbili za raba, akaniita kwa mama yake nimchagulie moja ya kurudi nayo kazini.

Bi Tima sasa ni bibi kizee na macho yake yamefifia, lakini uchanja uko palepale. Tulikaa uani. Nikazigeuza raba, nikazikunja, nikatia ukucha kwenye soli. Moja ilikuwa na meno kwa ajili ya mchanga, nyingine laini kwa ajili ya mawe, na kisiwa kina yote mawili. Nikahisi ule mkanganyiko wa zamani unanirudia. Ndipo nikamuuliza swali ambalo, sijui kwa nini, kwa miaka yote ile sikuwahi kumuuliza yeye, niliyauliza madaftari tu.

"Zainabo, siku ile Diaca, pale kwenye visiki. Ilikuwa nini? Soli? Ile ncha niliyoikata?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Soli siikumbuki, Profesora. Naikumbuka harufu. Kila nilipoinamisha kichwa, harufu ya pweza ilinipanda usoni. Nikawa namwona mama yuko mwambani peke yake na ndoo, na maji yanarudi. Nikataka mbio ziishe upesi nije nimsaidie."

"Kutoka Diaca? Mpaka tufike, maji yangekuwa yamekwisha kujaa."

"Nilijua," akasema. "Miguu haikujua."

Alikuwa amekimbia kurudi mwambani, na kwa mbio zilezile akauacha mwamba moja kwa moja. Hilo sikuwa na ukurasa wake kabisa. Nilimtazama mama yake, aliyekuwa amechuchumaa kwenye moshi, ametupa mgongo, na sikuweza kujua kama amesikia.

"Mnasemaje huko?" Bi Tima akauliza.

"Habari za raba, mama."

"Enhe! Miaka yote hii, na bado ni raba tu?"

Nilikuwa bado nimeshika jozi zote mbili, moja kila mkono, kama mtu anayepima nazi sokoni.

"Basi nikuchagulie zipi, mwanangu?"

"Zozote, Profesora," Zainabo akasema, akazichukua zote kutoka mikononi mwangu, akaelekea nazo uchanjani. "Mama ameshawasha makumbi."